Kiitaliano Alichofunzwa Shufaa

Karakana ya Ruphin iko ghorofa ya pili mtaani Doornfontein, Johannesburg, juu ya duka la vipuri vya magari, na humo ndani hushonwa sare za shule mwaka mzima. Mashati yanashonwa na yeyote. Makoti, yale mazito yenye nembo ya shule kifuani, hupewa mafundi wachache tu, na kwa muda mrefu aliyeyaweza kuliko wote alikuwa Shufaa, mwanamke wa Tanga, binti wa fundi Mwadini wa Ngamiani. Alijua kukata kola ikalala shingoni. Alijua kuingiza mkono wa koti begani bila kuacha kikunjo. Ruphin mwenyewe, Mkongo asiye na mazoea ya kusifu, alikuwa akisimama nyuma yake na kumtazama akifanya kazi, kisha anaondoka akitikisa kichwa, na mafundi wote walijua kuwa hiyo ndiyo sifa yenyewe.

Cherehani ya kushoto kwake ilikuwa ya Mamie.

Mamie alitoka Bukavu. Siku alipoanza kazi hakuwa na pa kulala. Mumewe alikuwa ametangulia Cape Town kutafuta kibarua, na simu yake ilikuwa imeanza kutopatikana. Shufaa alimchukua akaenda naye kwake Joubert Park, fleti ya chumba kimoja, wakatundika pazia katikati na kuishi. Mwanzoni Kiswahili chao kilikuwa kinagongana. Mamie alimwita "yaya", na Shufaa, ambaye kwao yaya ni mlezi wa watoto wa watu, alinuna mpaka alipoelezwa kuwa kwa Wakongo hilo ni jina la dada mkubwa. Mamie alisema "paka" akimaanisha "tu". Baada ya muda Shufaa naye akawa anasema "nimekula paka ugali", na mama yake akimpigia simu kutoka Tanga anamuuliza ni paka gani huyo.

Mume wa Mamie hakurudi. Binamu wa Mamie mwenyewe, aliyekuwa Yeoville, alipata karatasi za Kanada akaondoka, akaahidi kupiga simu, akapiga mara chache kisha kimya. Basi Mamie akabaki na Shufaa. Mwaka ambao maduka ya wageni yalivunjwa mjini, Mamie alikuwa amekwama saluni kwa msusi wake, milango imefungwa kwa ndani, watu wanapita nje na marungu. Shufaa alijifunga kilemba kama wanawake wa huku, akatembea katikati ya barabara akiongea na simu kwa sauti, maneno yale machache ya Kizulu aliyokuwa nayo akiyarudiarudia, na hakukuwa na mtu upande wa pili wa simu. Alimtoa Mamie mlango wa nyuma, akamshika mkono mpaka nyumbani. Tangu hapo Mamie alikuwa akiwaambia watu kuwa yeye ana ndugu mmoja Johannesburg, na akimtaja ni Shufaa.

Nafasi ya Italia ililetwa na Ruphin. Alisema kuna chama cha Waitaliano waliozeekea hapa Johannesburg, wana nyumba yao Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Kila mwaka chama hicho humchagua fundi mmoja na kumpeleka Italia mwaka mzima kujifunza kukata makoti ya kiume kwa mkono, kazi ya kale ambayo vijana wa huko hawaitaki tena. Masharti yalikuwa mawili: upeleke koti ulilolishona mwenyewe, na uketi na wazee wa chama muongee Kiitaliano, maana fundi mkuu wa huko hajui lugha nyingine. Ruphin alipomaliza kueleza hakutaja jina. Mafundi wote waligeuka kumtazama Shufaa.

Shufaa alicheka kwa aibu. Koti alikuwa nalo mikononi tayari. Kiitaliano hakujua hata salamu.

"Mi najua," Mamie akasema. "Nitakufundisha, yaya. Hauna haja ya kwenda kwa mutu."

Na kweli alijua. Kule Bukavu alisomeshwa na masista wa Kiitaliano, na alipomaliza shule alifanya kazi jikoni kwao miaka kadhaa. Walizungumza naye lugha yao kuanzia chai ya asubuhi mpaka kufunga milango. Shufaa alimwona siku ile kama mtu aliyewekwa kushoto kwake kwa makusudi ya Mungu.

Walianzia kwenye cherehani. Sindano ni ago, uzi ni filo, mkasi ni forbici, mkono wa koti ni manica. Shufaa aliyashika upesi, kwa sababu kila neno lilikuwa na kitu chake mezani. Walisoma wakirudi nyumbani kwa miguu, wakisimama kwenye robot, kama taa za barabarani zinavyoitwa huku, na kusemezana mpaka taa inabadilika mara mbili na watu wanawapita. Walisoma wakimenya viazi. Umeme ukikatika, walisoma gizani, na Shufaa alipenda hivyo zaidi, kwa kuwa sauti ya Mamie peke yake ndiyo iliyokuwepo.

Kisha wakafika kwenye vitenzi, na hapo Shufaa akakwama.

Kwa Kiswahili alikuwa hajawahi kulifikiria jambo hilo. Unataka kushona, unaanza kushona, unajaribu kushona, unaacha kushona. Kitenzi cha kwanza kinasimama, cha pili kinakuja na ku- yake, vinashikana, basi. Lakini Waitaliano, Mamie alimweleza, hawaachi vitenzi viwili vigusane hivihivi. Katikati huweka kineno kidogo. Vitenzi vingine vinataka a, vingine vinataka di, na vichache, kama kutaka na kuweza, havitaki kitu. Na hakuna kubahatisha. Ukikosea kineno, Mwitaliano atakuelewa, lakini atajua papo hapo kuwa hukufundishwa.

"Sasa nitajuaje kipi kinakwenda na kipi?" Shufaa akauliza.

Mamie hakujibu mara moja. Kesho yake, wakiwa wanakunja mashati, alimwambia kuwa iko kanuni. Di maana yake ni kutoka, na a maana yake ni kwenda, kufika. Mtu anapoanza jambo anatoka pahali, kwa hiyo vitenzi vya kuanza vinakwenda na di: comincio di cucire, naanza kushona; imparo di parlare, najifunza kusema. Mtu anapomaliza jambo au kuliacha, amefika, kwa hiyo hapo ni a: finisco a cucire, smetto a cucire. Na anayetumaini, anayeamua, anayeahidi, moyo wake unakwenda mbele, kwa hiyo ni a vilevile: spero a partire, natumaini kusafiri.

Shufaa aliipenda kanuni ile. Ilikuwa na akili ndani yake, kama koti ambalo hata bitana yake imekatwa kwa hesabu. Aliimba comincio di, spero a, akipiga pasi, akioga, akipanda ngazi lifti ilipoharibika. Siku moja alikuwa akisikiliza masomo ya bure kwenye simu, akamsikia mwanamke akisema comincio a. Alimwuliza Mamie. Mamie alisema simu ni mashine, inachanganya Kiitaliano cha kila mkoa, na wazee wa chama wakimsikia akisema kama simu watamcheka. Afuate cha masista. Shufaa akaifuta ile programu.

Alimshonea Mamie gauni la kitenge kwa shukrani, la mikono mipana, na Mamie alilivaa kanisani akasifiwa.

Siku ya usaili ilikuwa Jumamosi asubuhi. Shufaa alipanda taksi mpaka Turffontein na koti lake limelazwa mapajani ndani ya mfuko wa nguo, akizuia watu wasiliguse. Nyumba ya chama ilikuwa na sebule yenye viti vya mbao na picha za timu ya mpira ya zamani. Waliokaa mezani walikuwa wawili: mzee mmoja mnene aliyelichukua koti akaligeuza ndani nje na kulitazama muda mrefu, na mwanamke mwembamba wa umri wa bibi, miwani imening'inia kifuani, aliyejitambulisha kama Signora Ornella. Alikuwa mwalimu wa lugha enzi zake.

Mzee alilirudisha koti mezani kwa mikono miwili, na Shufaa akajua kwamba upande ule amepita.

Signora akaanza kuuliza. Shufaa alijibu. Alisema alianza kushona akiwa mtoto, dukani kwa baba yake. Alisema alijifunza kukata kola kwa kuangalia. Alisema ameamua kujaribu nafasi hii, kwamba anatumaini kwenda, kwamba anaahidi kurudi kuwafundisha wengine. Maneno yalimtoka bila kukwama, na kila kineno alikiweka pale Mamie alipomfundisha akiweke. Alijisikia anaelea. Lakini mara ya tatu au ya nne aliona Signora anainua macho kutoka kwenye karatasi, na kuanzia hapo bibi yule hakuandika tena. Alikuwa akimtazama mdomo. Akawa anauliza maswali ya ajabu, mafupi, kama mtu anayepima kitu: uliacha lini kuvuta pumzi ukiingiza uzi, umesahau kufanya nini leo asubuhi, nani alikusaidia kufika hapa. Shufaa alijibu yote.

Walipomaliza, Signora alimsindikiza mpaka barazani, akamkalisha, akaacha Kiitaliano na kusema Kiingereza, polepole ili wote wawili waelewane. Alimwuliza ni nani aliyemfundisha.

Shufaa alisema ni rafiki yake.

"Anakijua Kiitaliano?"

"Anakijua sana. Alisoma kwa masista."

Upande wa pili wa ukuta farasi mmoja alikuwa akitembezwa, kwato zake zinasikika kwenye lami.

"Hilo ndilo nililoliogopa," akasema. "Mtu asiyejua hubahatisha. Mara anapata, mara anakosa. Wewe kutaka na kuweza, ambavyo havina kitu, umevisema sawa. Lakini penye a umeweka di, na penye di umeweka a, kila mahali, na hukuteleza ukapata hata kimoja. Kukosea namna hiyo kunataka mtu anayelijua jibu."

Shufaa hakuelewa, au alielewa na mwili ukakataa. Alisema labda Kifaransa kimemchanganya rafiki yake, maana Wakongo wanakisema. Signora alitikisa kichwa. Kifaransa kingemsaidia, alisema. Wafaransa nao wakianza husema à, na wakiacha husema de.

Akamwuliza kama alipewa kanuni. Shufaa akamweleza: kuanza ni kutoka, kumaliza ni kufika. Alivyokuwa akieleza, sauti yake mwenyewe ilianza kumsikika kama ya mtu mwingine. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ulionyesha kitu kinachofanana na heshima, ile heshima mtu anayompa mwizi aliyefungua kufuli gumu.

Alisema ukweli ni kinyume chake, na ni rahisi. Anayeanza anaiendea kazi, kwa hiyo ni a. Anayeacha anaondoka kwenye kazi, kwa hiyo ni di. Yale ya moyoni, kutumaini na kuahidi na kuamua, mengi yake ni di. Kisha akamwambia lililobaki, na hakulizungusha: koti lake ndilo lililokuwa bora, lakini alama za lugha zimemwangusha, na mwaka huu nafasi itakwenda kwa fundi wa Pretoria. Akasema anasikitika. Akasema, kama anataka, aje Jumamosi, atamfundisha mwenyewe.

Kwenye taksi Shufaa alikaa dirishani. Hakulia. Alikuwa akitafuta siku, siku moja tu, ambayo Mamie angeweza kuwa amekosea kwa bahati mbaya, na kila siku aliyoigusa ilikuwa na Mamie ndani yake akitafakari kabla ya kujibu. Uongo wa neno moja angeweza kuumeza. Kilichomkaba ni ile kanuni. Mtu alikaa upande wa pili wa pazia, akatafuta uongo, akaukata, akaupiga pasi, akautia bitana, ndipo akamvisha. Na programu ya simu aliambiwa aifute, akaifuta. Na gauni alishona.

Mamie alikuwa juu ya paa la jengo, ambako wapangaji wote huanika nguo. Ilikuwa mchana wa jua na upepo. Alipomwona Shufaa anatokea kwenye ngazi alitabasamu na kuuliza imekwendaje.

"Comincio a cucire," Shufaa akasema.

Mamie alisimama na shuka mkononi.

"Smetto di cucire. Spero di partire." Alizisema taratibu, kama alivyofundishwa kuzisema, isipokuwa sasa zilikuwa sawa. Tabasamu la Mamie halikuondoka ghafla. Lilibaki usoni kidogo, halina kazi. Kisha aliitundika shuka kwenye kamba, akaibana upande mmoja, akaibana upande wa pili.

"Ni nani alikuambia?" akauliza.

Shufaa alikuwa amekuja na tumaini dogo, na swali lile lililimaliza. Alitaka asikie "sijui unasema nini". Angeweza hata kuliamini, kwa muda.

Alimwuliza ni tangu lini. Mamie alisema si tangu mwanzo. Maneno ya sindano na uzi na mkasi yote yalikuwa ya kweli, alimfundisha kwa moyo mweupe. Lakini siku zilivyokwenda alimwona anavyoshika haraka, na akaona kwamba atapita.

"Mume wangu alisema anaenda miezi mitatu," Mamie akasema. "Binamu alisema atapiga simu kila juma. Batu wakienda, yaya, habarudi. Nilikuwa nakusikia unaimba ile maneno bafuni, na mi najua unaimba njia ya kuniacha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungebaki?"

Pengine Shufaa angebaki. Alijijua: angemwonea huruma, angesema ngoja mwakani. Au pengine angekwenda na kumpigia simu kila jioni. Sasa hata yeye mwenyewe hangejua kamwe, kwa kuwa swali lile lilikuwa limejibiwa kwa niaba yake, gizani, na mtu aliyekuwa akimcheka kimoyomoyo au akimlilia, na hakujua ni kipi.

"Nilikaa mbele ya watu wale nikijiona nasema vizuri," akasema. "Nilikuwa najivunia wewe."

Mamie alianza kulia. Alisema hakumwibia kitu. Alisema koti bado ni lake, mikono bado ni yake, mwaka ujao upo. Akamshika kiwiko. "Yaya, nisamehe."

"Usiniite hivyo," Shufaa akasema, akautoa mkono wake na kushuka ngazi.

Alihama wiki ileile. Zabibu, Mzanzibari anayeuza manukato na vitenge, alikuwa na chumba cha ziada huko huko Turffontein, akampa. Ni Zabibu huyo tu aliyeambiwa habari yenyewe, na Shufaa alijuta kumwambia, kwa sababu Zabibu alisikiliza akiwa na nia njema kabisa, kisha akauliza, sasa shoga, ndiyo mmegombana kwa sababu ya a? Shufaa alijaribu tena, akaeleza ya kutoka na kufika. Zabibu akasema angejifunza kwa simu tu, siku hizi kila kitu kipo. Hapo Shufaa alitambua kuwa jambo lililompata halisimuliki. Mwanamke akiibiwa mume, mtaa mzima unajua uso wa kuweka. Aliyepotoshwa kwa herufi moja hana hata jina la kuliita jambo lililomfika. Karakanani watu walihitimisha kuwa wamegombania mwanamume, wakawa wanamtaja fundi mmoja wa suruali ambaye maskini hakujua lolote, na Shufaa akawaacha waamini hivyo.

Bado walifanya kazi pamoja. Ruphin aliona, hakuuliza, akahamisha cherehani ya Shufaa upande wa madirisha. Miezi ile Mamie aliwahi kumwachia chakula juu ya meza, sombe, yaani kisamvu, kwenye kibakuli chenye kifuniko, pishi ambalo Shufaa alikuwa akilipenda. Shufaa alikirudisha bila kukifunua. Mara ya pili alikirudisha vilevile. Hakukuwa na mara ya tatu. Baadaye alisikia kwamba Mamie amepata mwenzake mwingine wa chumba, msichana wa Goma, na siku hiyo alishona vibaya, akafumua, akashona tena. Alijishangaa kwa kuumia. Yeye ndiye aliyeondoka.

Kila Jumamosi alikwenda kwa Signora Ornella. Alidhani kazi itakuwa nyepesi, kwamba atageuza tu, kama mtu anayegeuza shati lililovaliwa ndani nje. Haikuwa hivyo. Aliyoyasoma kwa Signora yalikaa kichwani, na ya Mamie yalikaa mdomoni. Kila alipotaka kusema naanza, ulimi ulikimbilia di wenyewe, na nyuma ya ulimi ilikuja ile sauti ya gizani, ya upole, ikimsifu. Alilazimika kusimama mbele ya kila kineno, kukikagua, ndipo akipite, kama mtu anayetembea kwenye nyumba alimowahi kuumwa na nyoka. Akawa msema polepole, yeye aliyekuwa ameongea bila kukwama siku ya usaili. Signora alimwambia asijali, kasi itarudi. Haijarudi yote.

Na haikuishia kwenye Kiitaliano. Fundi mwenzake akimwonyesha njia mpya ya kukunja pindo, Shufaa anaitikia kwa kichwa kwa adabu, kisha akiwa peke yake anajaribu kwenye kipande cha kitambaa kibovu kuona kama ni kweli. Zabibu akimwelekeza taksi ya kupanda, anauliza na mtu wa pili kituoni. Anajua kwamba ni tabia mbaya. Zabibu hajawahi kumkosea.

Usaili wa mwaka uliofuata ulipofika, alipeleka koti jingine, la rangi ya majivu. Alikosea kidogo hapa na pale, mara a, mara di, na kila alipokosea Signora Ornella alitabasamu na kuandika, kwa sababu sasa yalikuwa makosa ya kawaida ya mtu anayejifunza. Jina lake lilisomwa siku hiyohiyo. Mzee mnene alimpa mkono akamwambia kitu kirefu kuhusu kola, na Shufaa akakielewa chote.

Ruphin aliwaambia mafundi. Walimpigia makofi, wengine wakigonga mkasi mezani. Mamie naye alipiga makofi kutoka mahali pake.

Siku ya mwisho ya Shufaa karakanani, watu walipokuwa wametawanyika kwenda kula, Mamie alivuka chumba mpaka kwenye madirisha. Alikuwa amekonda. Alisimama umbali wa meza moja, kana kwamba pazia lile la Joubert Park liko kati yao, na hakutumia Kiswahili.

"Spero di rivederti," akasema. Natumaini kukuona tena.

Alikuwa ameisema sawasawa, na kwa matamshi mazuri kuliko ya Shufaa, matamshi ya mtu aliyekulia miguuni pa masista. Shufaa aliisikia ile di imekaa mahali pake. Kwa mwaka mzima alikuwa akijiuliza kama ipo siku Mamie atamsemesha bila hila, na sasa siku ilikuwa imefika, na kilichomjia kifuani kilikuwa hasira mpya: kwamba ilikuwepo mdomoni mwake muda wote, nyepesi hivyo, haimgharimu kitu.

Alitaka kumwambia hivyo. Alitaka pia kumwuliza anakula nini, kwa nini amekonda. Aliinamisha kichwa, kama mtu anayeitikia salamu ya jirani asiyemfahamu vizuri, akaendelea kukunja vitambaa vyake. Mamie alingoja kidogo, kisha akarudi mahali pake.

Ndege yake ni ya mwezi ujao. Zabibu humuuliza kama ameshamsamehe yule Mkongo, maana si vizuri mtu kusafiri na kinyongo. Shufaa humjibu kwamba bado. Hasemi hatasamehe. Anasema bado, halafu anaendelea kupanga nguo kwenye sanduku.